Richard III: alichafuliwa na Tudor au alijichafua mwenyewe? Tujadili

Wakuu, kwenye mada ya juzi ya wafalme wa zamani wa Uingereza kuna mdau alimaliza kwa kusema "Richard III hana kosa lolote, yale yote ni propaganda ya ukoo wa Tudor", watu wakagonga like mada ikaishia hapo. Mi sijakubali, ndo maana nafungua upya.

Kwa ambao hawakuwepo kifupi ni hivi: 1483 Edward IV anafariki, mrithi ni mwanae Edward V, dogo wa miaka 12, na Richard ambaye ni baba yake mdogo ndo anapewa jukumu la kulinda ufalme mpaka dogo akue. Haikupita miezi mitatu dogo na mdogo wake wa miaka 9 wako ndani ya Mnara wa London, wametangazwa wana haramu, baba mdogo kavaa taji, na baada ya kiangazi cha mwaka huohuo hakuna aliyewatia machoni tena. 1485 Henry Tudor akaja na jeshi, Richard akauawa vitani Bosworth akiwa na miaka 32 tu, Henry akachukua taji.

Sasa kwamba Tudor walipiga propaganda hilo halina ubishi kabisa. Henry kwa damu alikuwa na haki ndogo mno kwenye kile kiti kwa hiyo ilibidi aliyemtangulia aonekane shetani. Kwanza akahesabu utawala wake kuanzia tarehe 21 Agosti wakati vita ilikuwa tarehe 22, maana yake wote waliompigania mfalme wao siku ile wakageuka wahaini kisheria, we fikiria mtu ana akili za hivyo. Halafu ile sheria ya Bunge iliyomhalalisha Richard ikafutwa bila hata kusomwa, nakala zote ziharibiwe, ukikutwa nayo jela na faini.

Na machawa walikuwepo tangu enzi hizo. Kulikuwa na padri mmoja maeneo ya Warwick anaitwa John Rous, Richard akiwa hai alimsifia kwenye gombo lake kwamba ni mtawala mwema anayewaadhibu wanaoonea wanyonge. Tudor kuingia tu, Rous huyohuyo anaandika kwamba Richard alikaa tumboni kwa mama yake miaka miwili akazaliwa na meno na nywele mpaka mabegani!! Gombo lake la Kilatini aliliwahi akalirekebisha ila la Kiingereza lilishamtoka mikononi, ndo hilo linalomuumbua mpaka leo. Kuna na ile picha ya Richard iliyoko kwenye mkusanyiko wa familia ya kifalme, walipoipiga eksirei ikaonekana bega limeongezwa rangi baadaye ili lipande. Ukifika kwa Shakespeare miaka ya 1590, anaandika chini ya Elizabeth I ambaye ni mjukuu wa Henry yuleyule, ulitegemea aandike nini? Kibyongo, mkono uliokauka, roho ya nyoka.

Lakini 2012 mifupa ya Richard ikafukuliwa chini ya pakingi ya magari Leicester, na hapa ndo wanaomtetea huwa wanasoma nusu. Kibyongo hakuna, mkono mzima, sawa. Ila uti wa mgongo umepinda kweli, umeenda upande, kiasi kwamba bega la kulia lingekuwa juu kuliko la kushoto. Na nani alishaandika kwamba bega la kulia lilikuwa juu? Rous, yule yule chawa wa meno na nywele. Na ndiye huyohuyo aliyekiri kwamba Richard alikufa kishujaa. Kwa hiyo ukisema "hii ni ya Tudor, tupa kule" utakuwa umetupa na ukweli, inabidi uchambue jambo moja moja na ni kazi ngumu najua.

Tuje kwa wale watoto. Minong'ono kwamba wameuawa haikuanzia kwa Tudor. Mwitaliano mmoja, Dominic Mancini, alikuwepo London 1483, akaondoka Julai, akaandika ripoti yake ikakamilika Desemba mwaka huohuo, anasema watu walikuwa wanalia machozi wakimtaja Edward V na tayari walikuwa wanahisi kaondolewa. Hapo Henry bado mkimbizi tu ng'ambo, hana hata uhakika wa kuwa mfalme. Ripoti yenyewe ilipotelea Ufaransa ikaja kuchapishwa 1936, sasa Tudor waliipikaje? Na propaganda Richard mwenyewe alipiga, mahubiri ya Ralph Shaa pale uwanja wa kanisa la St Paul's Juni 1483 kuwaaminisha watu wa London kwamba watoto ni haramu yalikuwa nini kama sio hiyo?

Mtaniambia Bunge lake la 1484 lilipitisha sheria nzuri, likafuta ile michango ya lazima iliyokuwa inaitwa ya hiari. Kweli, na mi nampa maua yake. Ila haijibu swali la watoto.

Nataka anayemtetea anijibu hili. Machi 1485 ulizuka uvumi kwamba Richard anataka kumuoa mtoto wa kaka yake, akatoka hadharani Clerkenwell mbele ya meya na wakazi wa London akakanusha kwa mdomo wake. 1487, Henry akiwa ndo mfalme, alipotokea tapeli akijiita Earl wa Warwick (mtoto wa kaka mwingine wa Richard), Henry alimtoa Warwick halisi gerezani akampitisha mitaani London watu wamuone. Sasa Richard alikaa kwenye kiti miaka miwili, uvumi umejaa mpaka Ufaransa, na kama wale madogo walikuwa hai alishindwa nini kuwatoa nje ya Mnara hata nusu saa?