Nimeambiwa nikaandike bei ya dagaa Mwaloni, mbele ya grupu zima!!

Wakuu mniwie radhi, naandika huku mikono inatetemeka, na sio baridi, Mwanza leo jua limewaka ata mawe ya Capri Point yanatoka jasho. Ni hasira. Nipo kwenye daladala ya Buhongwa nimebanwa kati ya mama mwenye ndoo na jamaa anayetafuna mahindi, nimeshindwa kusubiri nifike nyumbani.

Mnamjua. Msinilazimishe nitaje jina maana nusu yenu mpo kwenye grupu lake na nusu nyingine mlishatoka mnalia. Yule mzee wa miwani nyeusi usiku wa manane. Anayepiga picha kaegemea gari ambalo siku likiwa lake kweli na mimi mtanikuta nimemilikishwa Ziwa Victoria na samaki wake wote. Anayesema alishakunywa chai na Satoshi Nakamoto kule Dubai. Satoshi jamani, aliyebuni bitcoin! Tangu lile andiko la bitcoin litoke Oktoba 2008 dunia nzima haijui kama huyo ni mwanaume, mwanamke au ni kikundi cha watu, ila jamaa yetu kanywa naye chai, na sambusa juu.

Sasa leo ndo kaniambia MIMI, kwa voisi, grupu zima linasikiliza: "Dogo haya mambo yamekuzidi, kaandike bei ya dagaa Mwaloni."

Bei ya dagaa! Mimi!

Mimi nilikuwa naandika zangu habari za mpira, akanifuata mwenyewe, akasema dogo una kalamu, njoo uwaelezee watu wetu kripto, hizi sarafu za mtandaoni, kwa Kiswahili. Nikasoma usiku na mchana, bloku cheni, halvingi, gesi, nini, macho yakawa kama ya sangara aliyeshinda juani. Malipo? Kwa sarafu yake mwenyewe, ile anaiita "bitcoin ya Kanda ya Ziwa". Bitcoin yenyewe mwisho wake ni milioni 21, hazizidi ng'o. Ya kwake nimeenda kuangalia zipo trilioni na kitufe cha kuongeza nyingine anacho yeye. Waleti yangu, ile pochi ya sarafu kwenye simu, inaonesha nina hela ya kununua kiwanja Kisesa na chenji ya kokoto, nikibonyeza kuuza inagoma. Inataka gesi, yaani ada ya muamala, na gesi hailipiwi kwa sarafu yake, inataka BNB, sarafu nyingine kabisa, nikakopa BNB nikaweka, ikala gesi ikagoma tena. Namuuliza bosi vipi, ananijibu "shikilia dogo tunaenda mwezini". Mwenye nyumba wangu Mkolani mwezi anaoujua ni mmoja tu, ule wa kodi.

Hayo yote nilivumilia. Kilicholeta balaa ni makala ya kuwaelekeza wageni wa kripto. Niliandika aya moja, fupi tu, kwamba ukifungua waleti unapewa maneno 12, nyingine 24, anayeyajua hayo maneno ndo mwenye mali, kwa hiyo usimpe mtu yeyote ata awe msimamizi wa grupu. Kumbe nimegusa mboni. Ofisini kwake kuna kaunta buku wakuu. Nimeliona kwa macho yangu. Jekundu lile la kuandikia madeni dukani, limepigwa mistari kwa rula: jina, namba ya simu, maneno 12, sahihi. Kuna mama maneno yake yameanza kwa peni ya bluu, wino ukakata katikati ya neno la saba, wakamalizia na ya kijani, afu kwenye sahihi kaweka dole gumba. Nauliza hili daftari la nini, naambiwa "tunawahifadhia wateja wasije wakasahau".

Akasema aya itoke. Na ile nyingine itoke, niliyosema FTX, lile soko la kripto, ilianguka Novemba 2022 na mwenyewe akala miaka 25 jela. Na ile ya Benki Kuu, BoT, kutangaza 2019 kwamba hizi sio fedha halali hapa nchini, itoke. Mahali pake niweke "faida ya uhakika". Asa juu ya hizo makala kuna jina langu, sio lake! Mama mdogo yupo Ukerewe anazisoma, ananipigia anauliza hela ya kikoba aingize lini, "si wewe mwanangu ndo umeandika". Mnajua nimelalaje wiki hii?

Nikajibu kwenye grupu, kwa heshima zote, bosi hiyo ya maneno 12 haitoki. Ndo ikaja voisi. Inaanza na kicheko, kicheko kirefu mpaka nikajua huyu anakata roho, nikaanza kumhurumia, afu ndo: kaandike bei ya dagaa Mwaloni. Watu wakamwaga emoji za samaki. Wa kwanza kumwaga ni jamaa niliyemfundisha mimi kufungua waleti, kwa bando langu!

Na dagaa ndo zimenisomesha. Mama yangu mpaka leo yupo pale Kirumba anapima kwa sado, mteja anatoa hela anaondoka zake, hajawahi kuambiwa aweke BNB kwanza ndo dagaa zitoke. Anatukana dagaa mtu ambaye sarafu yake haiwezi kununua ata kichwa cha furu?

Naombeni ushauri. Au tusi zuri la kumrudishia. Tusi kwanza.

Mzee wa Igoma: Nimeshakaa mkao wa kula. Leteni bisi.

Sado Imejaa: Pole sana mkuu. Ila kwani bei ya dagaa Mwaloni sahivi ikoje? Nauliza serious, nina oda ya Dodoma.

Kalamu ya Ziwani (mleta uzi): Mkuu usinichefue.

Sado Imejaa: Sasa si uko karibu na mama, muulize tu.

Mtoto wa Pasiansi: Hii chai haina ata tangawizi. Dole gumba kwenye kripto? Lete picha ya hilo kaunta buku.

Kalamu ya Ziwani: Ningepiga picha saa ngapi na mlinzi kanisimamia kisogoni? Na sijamaliza, hamjasikia KICHEKO. Natamani niwawekee mkisikie. Kuna mahali anavuta pumzi ndo anasema "dagaa".

Mshika Mwezi: Wivu tu. Dogo kalishwa, kavishwa, leo anatukana mkono. Unaleta tangazo la BoT la 2019, mbona husemi 2021 Mama Samia aliwaambia BoT wajiandae na hizi sarafu? Mnaficha maendeleo. Kaandike dagaa kweli.

Kalamu ya Ziwani: Wewe ni yeye. Wakuu huyu ni YEYE, angalieni anavyoandika. Kuambiwa ujiandae na kuhalalishiwa ni kitu kimoja? Mimi mwenyewe najiandaa kuoa mwaka wa ngapi huu.

Mshika Mwezi: Na kodi? Sheria ya fedha 2024 imeweka asilimia 3 ya zuio kwenye mali za kidijitali. Serikali inakata kodi kitu haramu?

Mtoto wa Pasiansi: Kwa hiyo bosi anaikata hiyo asilimia 3 anaipeleka? Au nayo ipo kwenye kaunta buku?

Fundi Waleti: Dogo acha kulia nikuelekeze. Hiyo thamani unayoiona kwenye waleti inatokana na miamala iliyopita, sio kwamba kuna mtu kakaa na hela anakusubiri. Mtu anaweka dola mia kwenye bwawa, ule mfuko wa kubadilishia sarafu, anajiuzia mwenyewe, kwenye karatasi sarafu inaonekana ina thamani ya kujenga daraja la Kigongo–Busisi la pili. Bwawa likiwa kavu huuzi. Halafu kuna kontrakti, yaani programu zinazoendesha sarafu, zimeandikwa hivi: kununua ruksa, kuuza ni anwani ya mwenye mali tu, yaani waleti yake. Ingia BscScan, tovuti inayoonesha miamala yote, angalia nani amewahi kuuza. Ukikuta anwani ni moja, kazi imeisha. Mara nyingine dai USDT, ile sarafu inayofuata thamani ya dola, na useme mtandao gani kabisa, usije ukapewa anwani ya TRC20, ya mtandao wa Tron, ukatuma kwa mtandao mwingine ukaja tena hapa na uzi.

Kalamu ya Ziwani: Nimeangalia. Anwani ni moja.

Mzee wa Igoma: 😂😂😂 Umepigwa na kitu kizito. Kaandike dagaa mwanangu.

Mama J Nyegezi: Samahanini wanangu, mimi siandikagi huku huwa nasoma tu. Huyo mama wa peni ya kijani ni mfupi, ana kitenge cha tausi? Maana mimi peni iliniishia.

Kalamu ya Ziwani: Mama shikamoo. HAMISHA SASA HIVI.

Mama J Nyegezi: Marahaba. Nahamishaje?

Fundi Waleti: Mama, maneno yakishajulikana hayabadilishiki kama nywila. Unafungua waleti mpya, unapata maneno mapya, unayaandika kwenye karatasi unaweka kabatini, unahamishia kila kitu huko. Nakuja inboksi, na mimi wala nisiyaone hayo maneno, usinitumie.

Mshika Mwezi: Mama usidanganywe, ofisi ipo wazi mpaka saa kumi na moja.

Bhabha Masanja: Sisi wa DECI 2009, ule upatu, tunawatazama tu. Tulipanda mbegu, tukaambiwa tutavuna. Ng'wanawane hilo shamba mpaka leo halijaota ata magugu. Angalau nyinyi mnapewa waleti mnachungulia, sisi tulipewa risiti.

Wa Mabondo: Mnalia na hela ya kwenye simu? Njooni niwaambie wizi wa kweli. Mimi nauza mabondo ya sangara, ile mifuko ya hewa ya tumboni mwa samaki. Kuna mnunuzi, mnamjua, yule wa gari jeupe. Mizani yake inajua kupunguza tu. Nyumbani napima vizuri, nikifika kwake kila siku pungufu. Bondo linaenda mpaka China huko linauzwa bei ya dhahabu, mimi navuliwa nguo hapa hapa mwaloni.

Kipande cha Mahindi: Umesema kweli mkuu, bando ni wizi mtupu. Naweka la wiki, silali, asubuhi naambiwa limeisha. Linaenda wapi?

Wa Mabondo: BONDO mkuu. La samaki.

Kipande cha Mahindi: Ata hilo. Ila bando ndo baya zaidi.

Mtoto wa Pasiansi: Nakazia la bando. Mimi simu imezimwa kabisa, data zinaisha. Nani anatumia?

Kalamu ya Ziwani: Wakuu turudi kwenye mada. Amenitoa kwenye grupu sahivi. Na kabla ya kunitoa kaweka tena ILE ILE VOISI, kairudia, na kicheko chake.

Mzee wa Igoma: Sasa kama amekutoa umejuaje kairudia?

Kalamu ya Ziwani: Nimesema KABLA ya kunitoa. Soma mkuu.

Sado Imejaa: Mleta uzi namba ya mama basi. Oda yangu ni magunia.

Muuza Sato Kirumba: Wa Mabondo, bondo unapeleka bichi au kavu? Likikauka lazima lipungue uzito, usimsingizie mtu mizani.

Wa Mabondo: Bichi. Limetoka kwenye samaki asubuhi hiyo hiyo, njia nzima nipo nalo kwenye boda.

Muuza Sato Kirumba: Basi huyo anakuibia. Mizani ile ya saa, mwambie airudishe sifuri mbele yako kabla hujaweka mzigo. Ukiona sindano haikai kwenye sifuri ondoka na bondo lako. Na angalia kama ina muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Bhabha Masanja: Muhuri upo, ila mizani ya muhuri wanaiweka ndani, wanayopimia iko nje. Mimi nimeyaona hayo kwenye pamba.

Kipande cha Mahindi: Pamba ndo usiseme. Baba yangu Magu huko analia kila msimu.

Wa Mabondo: Nataka nitembee na ya kwangu sasa. Hivi mizani ya kuning'iniza naipata wapi hapa mjini, isiyo ya kichina sana?

Muuza Sato Kirumba: Makoroboi zipo. Nenda na kilo ya sukari mfukoni, pima hapo hapo dukani kabla hujatoa hela.