Mrejesho: mtoto sasa analala chali, mto nimeuondoa

Habari zenu wapendwa. Wiki tatu zilizopita niliwauliza kuhusu mwanangu wa miezi minne: joto la Dar, jasho, kushtuka kila saa. Nilikuwa namlaza kifudifudi juu ya mto, maana bibi yake alisema ndivyo hatashtuka.

Asanteni sana mlionisihi nimgeuze. Usiku uleule niliondoa mto, blanketi zito na midoli. Kliniki nesi akanieleza kwamba Marekani ilianza kampeni ya kulaza vichanga chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua karibu nusu. Nililia palepale.

Sasa analala kwenye kitanda chake kando ya chetu, godoro gumu, shuka limechomekwa vizuri. Chandarua chenye dawa nakibana chini ya godoro kisimwangukie usoni. Kofia hapana. Kujua kama ana joto namgusa kifuani, si mikononi.

Siku nne za mwanzo alilia mno. Sasa anaamka mara mbili tu, kunyonya. Bibi yake alinuna, lakini juzi nilimkuta akimlaza chali mwenyewe.