Mjadala: Mpemba aliyezaliwa Vanga ni mgeni hadi lini?

Wanabaraza, hamjambo. Juzi mwenzetu mmoja alisema hapa kwamba Serikali ya Kenya ilikosea kuwatambua Wapemba kuwa kabila la Kenya mwaka 2023, na Wamakonde kabla yao. Hoja yake: ardhi ya Pwani haiwatoshi hata wenyewe, na ukimkaribisha mmoja unaita kumi. Mimi ni Mdigo wa Kwale, na nampinga.

Tuanze na kilichowaleta. Wapemba walifuata samaki. Msimu ukiwa mzuri walivuka na vyombo vyao, wakapiga dago, yaani kambi ya wavuvi, huku Pwani ya Kenya: Vanga, Shimoni, Gazi, wengine wakafika hadi Malindi. Msimu ukiisha, wakarudi kwao. Lakini mtu akioa hapa na watoto wakazaliwa hapa, dago hugeuka mtaa. Wapo pia waliovuka kwa hofu, baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wale waliokimbilia Shimoni wakati wa machafuko ya kisiasa ya Januari 2001. Wamakonde ni habari nyingine kabisa: waliletwa kutoka Msumbiji enzi za mkoloni, wakatumikishwa kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Aliyewaleta akaenda zake, wao wakaachwa bila karatasi.

Sasa kuna jambo ambalo katika mjadala huu naona linarukwa. Hadi mwaka 1963, ukanda wa maili kumi wa Pwani yetu ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza waliusimamia kwa mkataba wa 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus, ngome ya Mombasa, miaka yote hiyo. Kwa hiyo Mpemba aliyeshuka Vanga mwaka 1950 alitoka milki ya Sultani akaingia milki ya Sultani yule yule. Mpaka ulikuja baadaye, ukamkuta keshajenga. Leo mjukuu wake tunamwambia arudi kwao. Kwao wapi?

Na msidhani kipande, yaani kitambulisho, ni heshima tu. Nimesimama pwani asubuhi samaki wakipimwa. Mvuvi amekesha baharini, mikono imechanika kwa kamba, na bei imekubaliwa. Pesa zikatumwa kwenye simu ya jirani, kwa sababu yeye hawezi kusajili laini kwa jina lake. Jirani akakata chake, akampa kilichobaki. Yule mzee hakusema neno, akazikunja noti akazitia kikoini. Miaka mingapi mtu anaishi hivyo?

Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilikwisha kufungua mlango kwa wasio na uraia wowote waliokuwa hapa kabla ya Desemba 12, 1963. Hata hivyo Wamakonde walilazimika kufunga safari kwenda Nairobi Oktoba 2016, wakamlilie Rais, ndipo wakahesabiwa kabila la 43. Mlango ulikuwa wazi kwenye karatasi, ofisini umefungwa.

Kuhusu ardhi, uchungu wa mwenzetu naujua, nasi ukoo wetu tuna maskwota. Lakini shamba la babu zangu halikuchukuliwa na Mmakonde mchonga vinyago. Waliochukua walikuja na hatimiliki, na vipande walikuwa navyo.

Kuhusu ringineti, nyavu kubwa za kuzungushia samaki ambazo Wapemba hulaumiwa kwazo, hapo nakubali. Nyavu zile huzoa hata samaki wachanga, na wavuvi wenzetu wana haki ya kulalamika. Ila kosa la wavu lishughulikiwe kwa sheria ya wavu, liwe la Mpemba au la Mdigo. Halimwondolei mtu uzawa.

Wazee wetu husimulia kwamba sisi Wamijikenda, Wadigo tukiwemo, tulitoka Shungwaya huko kaskazini tukakimbilia kaya, vijiji vyetu vya msituni. Waswahili wa Mombasa wamechanganya damu na Wahadhrami na Wabaluchi, na sisi majirani zao hatuwaulizi walifika lini. Basi anayepinga na aniambie: ni vizazi vingapi vinatosha, na hesabu hiyo aanze nayo nyumbani kwake.