Mpwa wangu Goma kamaliza la sita, baba yake anasema "apumzike" kwanza. Nifanyeje?

Mjomba_Nairobi: Wandugu habari. Dada yangu yuko Goma, Kongo, ana watoto wanne. Binti wa pili ana miaka 12, kamaliza la sita na kafaulu vizuri tu, sasa shemeji anasema kaka wa binti aendelee na sekondari ila binti apumzike mwaka mmoja. Nikamuuliza si Rais Tshisekedi aliweka masomo bule (bure) tangu 2019, akacheka. Naombeni mawazo kabla sijagombana na watu wazima.

MamaTatu: Alicheka sababu bule ni primari peke yake. La saba unaanza minerivali (ada ya shule), yunifomu, madaftari, na feza yenyewe iko wapi, mji umechukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 benki zikafungwa, wenye mashamba Masisi hawafiki shambani. Ada ikipatikana ya mtoto mmoja unajua atachaguliwa nani.

Baba_Furaha: Tusimlaumu baba jamani. Njiani kuna watu wenye silaha, mimi binti yangu nilimzuia mwenyewe.

MamaTatu: @Baba_Furaha na ziwani je? Alfajiri ukipita pale utakuta wasichana na bido (madumu) za maji, za njano, za lita 20, kamba kwenye paji la uso, mgongo umelowa. Wavulana wanapakia chukudu, zile baiskeli za mbao za mizigo, na wanalipwa. Huko hatuwaogopi hao wenye silaha? Halafu msichana anafika darasani anasinzia, mwalimu anaandika Kifaransa ubaoni, mnasema hana akili.

Dada_wa_Rutshuru: Hilo neno kupumzika limeniuma. 2008 vita ya Nkunda, yule jenerali muasi, tulikimbia, tukalala kwenye darasa la watu, hesabu zao bado ziko ubaoni, mie nikawa nazifanya kichwani usiku maana nilikuwa la sita. Baba akasema pumzika mwaka mmoja hali itulie. Miaka 16 nikaolewa. Mpaka leo napumzika.

Baba_Furaha: Pole dada. Wangu ana 14, sijui hata kama watampokea tena.

Dada_wa_Rutshuru: Mpeleke kesho ukaulize, usingoje Septemba.

Mjomba_Nairobi: Asanteni. Nimeongea na dada, nitatuma ada kwa simu moja kwa moja kwa prefe (mkuu wa sekondari) kila trimesta, risiti anipigie picha, isipite mkononi mwa shemeji. Kakubali, ila kaniuliza swali moja nimekosa jibu: maji atachota nani?