Mume mgeni wa binti wa Kitanzania: kwa nini sheria imhesabu mpita njia?

Mleta mada (Majengo, Moshi)

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi, maana linagusa nyumba nyingi za huku kwetu mpakani na Kenya, kuanzia Holili na Himo mpaka Longido na Namanga.

Hoja yangu ni hii. Mwanamke wa Kitanzania akiolewa na mgeni, mume wake apate haki ileile anayopata mke mgeni wa mwanaume wa Kitanzania. Na wote wawili, awe mke au mume, wapate kibali cha kuishi na kufanya kazi kinachotokana na ndoa yenyewe, siyo kwa hisani ya mwajiri.

Kwa wasiojua hali ilivyo: Sheria ya Uraia ya 1995, Sura ya 357, kifungu cha 11, inampa mwanamke aliyeolewa na raia wa Tanzania haki ya kuomba uraia wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanaume aliyeoa raia wa Tanzania hayumo kwenye kifungu hicho. Yeye anapanga foleni moja na mgeni yeyote aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia hiyo miezi 12 awe ameishi hapa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ndoa yake haihesabiki kitu. Watoto wake ni raia kupitia mama yao, mke wake ni raia, baba mwenye nyumba ni mgeni.

Sasa hiyo miaka 7 anaishi kwa karatasi gani? Hapo ndipo penye kazi. Kibali cha kazi kwa mgeni kinatolewa na Kamishna wa Kazi chini ya sheria ya 2015, na mwombaji ni mwajiri. Mwajiri lazima aoneshe kuwa hakupata Mtanzania wa kuifanya kazi hiyo, na aweke mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi huo. Kibali kinatoka kwa miezi 24, kinahuishwa, halafu kina kikomo. Kwa mhandisi wa kampuni kubwa hilo linawezekana. Kwa fundi, dereva au mtu wa duka dogo, nani atamwombea?

Shemeji yangu ni Mkenya wa Taveta, ng'ambo ya mpaka. Kutoka Holili hadi kwao ni nauli ya bodaboda. Dada yangu ameolewa naye kanisani, cheti kipo, watoto wanasoma shule ya msingi ya serikali hapa hapa Moshi. Ni fundi simu, na ni fundi kweli. Pasipoti yake ukiifungua, kurasa zimejaa mihuri ya Holili, ya kutoka na ya kuingia, mpaka mingine imegongwa juu ya mingine. Muda ukikaribia kwisha anavuka, anasalimia wazazi, anarudi kugongewa upya. Ile bahasha ya kaki yenye cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya mwenyekiti wa mtaa na picha za pasipoti imeshachanika pembeni kwa kutolewa na kurudishwa kabatini. Kila dirisha analokwenda anaulizwa swali lilelile: "Mwajiri wako ni nani?"

Ikaja Julai 2025. Serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku wageni kufanya biashara 15, na ufundi simu umo, pamoja na saluni, uwakala wa kutuma pesa, uongozaji watalii na nyinginezo. Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua milioni 10, kifungo, na kufutiwa kibali. Mtanzania atakayemsaidia ana faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Naielewa sababu ya amri ile. Wenzetu wa Kariakoo walilia muda mrefu, na kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini soma kwa macho ya dada yangu: leseni ya kibanda iko kwa jina lake. Je, yeye ni mke anayejenga nyumba na mumewe, au ni Mtanzania anayemsaidia mgeni kuvunja sheria? Kibanda sasa kimefungwa. Dada anauza nguo Kiboriloni, mume analea watoto. Kulea si aibu, ila mikono yake ile ingelipa ada.

Jirani zetu Kenya walikuwa na sheria ya sura hii hii. Katiba yao ya 2010 ikaiondoa: mtu yeyote, mwanamke au mwanaume, akikaa kwenye ndoa na raia wa Kenya miaka 7 anastahili kuandikishwa kuwa raia akiomba. Katiba yetu sisi, ibara ya 13, inakataza sheria yenye ubaguzi na inataja jinsia kwa neno lake. Na Tanzania iliridhia tangu 1985 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao ibara yake ya 9 inazungumzia uraia. Anayebaguliwa hapa si shemeji yangu. Ni dada yangu, mzaliwa wa Kilimanjaro, anayeambiwa kwamba ndoa yake ina uzito mdogo kuliko ndoa ya kaka yake.

Karibuni.

Mdau wa Kibosho

Mangi, nimekusoma vizuri ila siungi mkono. Wewe ni Mchaga, unajua kihamba ni nini, shamba la ukoo tunalorithishana. Babu yangu amezikwa kwenye migomba yake, na baba yangu pia. Leo binti akiolewa na mtu wa nje, huyo mtu akapewa uraia, kesho mama akifariki nani anasimama pale? Ardhi yetu huku juu imebaki vipande vya nusu ekari. Vijana wetu wenyewe wamehamia Dar kwa kukosa pa kulima. Tuwafungulie na wageni?

Mleta mada

Kaka, hofu yako naiheshimu na si ya kubeza. Lakini angalia ninachoomba kwanza: kibali cha kuishi na kufanya kazi. Mwenye kibali anabaki mgeni, na Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 20, haimruhusu mgeni kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kihamba hakiguswi. Halafu nikuulize: kaka yako akioa Mganda au Mjerumani, yule mke anaweza kuomba uraia bila hata kusubiri miaka, na akishakuwa raia, mume akifariki anasimama kwenye migomba hiyo hiyo. Mbona huko ukoo haujawahi kulalamika? Kama tatizo ni ardhi, lipo pande zote mbili.

Mdau wa Himo

Mila ziko wazi: mwanamke humfuata mume. Dada yako aende Taveta, huko atapewa uraia baada ya hiyo miaka 7 unayoisifia. Tatizo limekwisha.

Mleta mada

Mkuu, dada yangu ndiye anayemtunza mama, na mama ana kisukari, kliniki yake iko hospitali ya KCMC. Nani amfuate nani kwenye nyumba ile wameshaamua wenyewe wawili. Na akichukua uraia wa Kenya anapoteza wa kwetu, kwa sababu Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Yaani dawa unayompa ni aache kuwa Mtanzania ili aishi na mumewe.

Mdau wa Sakina, Arusha

Mimi niko kwenye utalii huu mwaka wa kumi na kitu, ngoja niwape upande mwingine. Hapa Arusha kuna ndoa za makaratasi, msijifanye hamjui. Anakuja mtu na mtaji wake, anatafuta binti, harusi inafungwa bomani asubuhi, jioni kampuni ya utalii imesajiliwa kwa jina la binti. Magari jina la binti, mkopo jina la binti. Mambo yakiharibika mtu anapanda ndege, binti anabaki na madeni na barua za kodi. Nimeshuhudia kwa mtu wa karibu. Mkisema ndoa itoe kibali moja kwa moja, mnawatengenezea hao njia ya lami. Na waongozaji watalii wetu, waliosoma wakapata leseni, watasukumwa pembeni.

Mdau wa Usa River

Jamani, si tupo Jumuiya ya Afrika Mashariki? Soko la Pamoja lilianza Julai 2010, makao makuu yako hapa hapa Arusha. Mkenya wa nini kusumbuliwa?

Mleta mada

Mdau wa Usa River, Itifaki ya hilo Soko la Pamoja inampa raia wa Jumuiya kuingia na kukaa hadi miezi 6 kama mgeni. Kufanya kazi bado ni kibali, na kibali ni mwajiri. Ndiyo maana mihuri ya Holili haiishi.

Mdau wa Sakina, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa na nimeisoma mara mbili. Lakini tazama: hao matapeli wamestawi chini ya sheria hii hii ya sasa. Mtu akikosa njia halali ya kufanya kazi kwa jina lake, anajificha nyuma ya jina la mke. Mpe kibali kwa jina lake, na deni litakuwa kwa jina lake, na TRA, watu wa kodi, watamtafuta yeye. Binti unayemsema angekuwa salama zaidi.

Mdau wa Ngaramtoni

Sijazoea kuandika sehemu kama hizi. Mimi ni Mganda, niliolewa Arusha. Wengi hapa mnasema mke mgeni ana raha kwa sababu kifungu cha 11 kinamlinda. Someni tena yale maneno: mume akiwa hai. Mume wangu na mimi tulikuwa tunasema tutaomba mwakani, tumalize kwanza ada ya mtoto, tumalize bati za nyumba. Akaugua, akafariki. Nilipokwenda kuuliza nikaambiwa kifungu hicho hakinihusu tena, nianze kama mgeni. Nimezaa hapa, nimemzika mume wangu hapa. Watoto wangu wananiuliza kama nitarudishwa Uganda na wao watabaki na nani. Kwa hiyo mkibadilisha, msibadilishe kwa ajili ya waume tu. Mfikirie na sisi wajane.

Mdau wa Kibosho

Dada wa Ngaramtoni, pole sana. Hili sikulijua. Kwenye ukoo wetu mjane mwenye watoto hafukuzwi, awe ametoka wapi. Bado nashikilia neno langu kuhusu uraia na ardhi. Lakini kibali cha kuishi kwa mjane na kwa baba wa watoto wa Kitanzania, hapo sina pingamizi.

Mdau wa Sakina, Arusha

Na mimi pole, dada. Mleta mada, nitakubali kwa masharti: ndoa iwe na miaka kadhaa kabla ya kibali cha kudumu, mke na mume wahojiwe kila mmoja peke yake, na binti asiwekwe dhamana ya biashara yoyote mpaka muda huo upite. Leseni ya kuongoza watalii ibaki ya raia. Mimi nasema miaka 5.

Mleta mada

Masharti ya mahojiano na dhamana nayachukua yote, na la leseni ya utalii silipingi. Hili la mjane sikuwa nimeliweka kwenye hoja yangu, sasa naliweka: kifo cha mwenza kisifute haki, hasa palipo na watoto. Kwenye miaka 5 ndipo hatukubaliani. Hiyo ni miaka 5 ya mtu mzima kukaa bila ruhusa ya kushika bisibisi, watoto wakikua. Napendekeza kibali cha muda chenye ruhusa ya kufanya kazi kianze mara ndoa inapothibitishwa, kikaguliwe kila mwaka, kisha baada ya miaka 3 kiwe cha kudumu. Mwenye sababu ya kwa nini 3 haitoshi kumtambua tapeli aiweke hapa. Nakusanya hoja hizi niziandike vizuri nizipeleke kwa mbunge wetu kabla ya kikao kijacho cha Bunge, na za wanaopinga nitaziambatanisha kama zilivyo.