Anamaliza hesabu kabla ya wenzake, nimpe nini?

Mwalimu wa la Sita: Wadau, nina binti anamaliza maswali yote wenzake wakiwa la tatu. Nikimwongezea mengine, ananuna. Nifanyeje?

Chaki Nyeupe: Hata mimi ningenuna! Hiyo ni adhabu, mwalimu. Badala ya "tafuta eneo la mstatili wa 8 kwa 4", mwambie: una uzio wa mita 24, zungushia bustani ya mstatili yenye eneo kubwa kuliko zote. Atajaribu 8 kwa 4, 7 kwa 5, hadi 6 kwa 6. Kisha muulize kwa nini. Hapo usimsaidie haraka.

Mama Wawili: Na asifanywe mwalimu msaidizi kila siku. Wangu alichoka.

Mwalimu wa la Sita: Asante. Akimaliza na hilo je?

Chaki Nyeupe: Upande mmoja uwe ukuta wa nyumba, uzio ule ule. Mraba haushindi tena.