Mashine ya kukatia ua inalegea ikishapata moto, kabureta au nini?

bustani_nyuma
Wakuu habari zenu. Nina mashine ya kukatia ua, ile ya petroli yenye visu virefu vya meno, injini tustroki ndogo, ile ya kuchanganya oili kwenye petroli, ya cc 22 hivi, ni mwaka wa nne sasa ninayo na haijawahi kunisumbua. Ikiwa baridi inawaka vizuri tu, choki, navuta kamba mara tatu imelia. Dakika kumi za mwanzo inakata safi, afu inaanza kulegea taratibu, nabana resi mpaka mwisho lakini sauti inakuwa nzito kama mtu anaongea ndani ya pipa, visu vinapoteza kasi, nikikutana na tawi la unene wa kidole gumba inang'ang'ana hapo na kuzima. Cha ajabu nikiachia resi inanguruma kawaida wala haizimi. Nikiiacha ipoe nusu saa inarudi, naanza upya, inalegea tena.

Nimeshabadilisha plagi, filta ya hewa nimeiosha kwa sabuni nikaikausha, bado. Kuna mtu kaniambia kabureta imekufa ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela naombeni mawazo, maana mkono wa kuvutia kamba nao umeshaanza kulalamika.

resi_kamili
Kabureta hiyo mkuu usijisumbue. Zangu mbili zimefanya hivyo hivyo, zile dayaframu za ndani, vipira vyembamba vya kusukuma petroli, zinakakamaa zinakuwa kama karatasi, hazipampu tena. Au kama unataka kubahatisha kwanza, fungua skrubu ya H robo mzunguko uone.

mzee_wa_spana
Kijana hapo juu, taratibu. Mashine ilikuwa inafanya kazi na hakuna aliyeigusa, hiyo skrubu haikujizungusha yenyewe. Ile H inapima petroli ya kwenye resi kubwa. Ukiifungua mafuta yanaongezeka, ukiifunga yanapungua, na kwenye tustroki mafuta yakipungua oili nayo imepungua maana vinasafiri pamoja, pistoni inakwaruza silinda na hapo hutafuti tena kabureta, unatafuta mashine nyingine. Skrubu ni kitu cha mwisho kugusa, sio cha kwanza. Na dayaframu zikikakamaa mara nyingi mashine inasumbua hata kuwaka au inazima ukibana resi ghafla, yake inawaka vizuri.

Mwenye mada, nijibu haya. Plagi uliyoitoa ilikuwa na rangi gani? Oili unachanganya kiasi gani? Na ikianza kulegea, izime, fungua mfuniko wa tangi pole pole usikilize. Ukisikia fyuuu kama inanyonya hewa na ukiwasha tena nguvu imerudi, basi tundu la kupumulia la tangi limeziba, petroli inatoka lakini hewa haiingii kujaza nafasi yake, mwisho kabureta inabaki inanyonya patupu. Pia vuta kile kipira cha mafuta ndani ya tangi kwa waya uliopinda, mwisho wake kuna filta, ikiwa nyeusi badilisha. Koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi, mi siiwazi sana, koili ikifa kwa joto mashine inakatika ghafla kama umezima swichi, wewe yako inalegea.

bustani_nyuma
Shikamoo mzee. Nimefanya yote leo. Mfuniko hakuna fyuuu, nimeulegeza na kuwasha tena, hakuna tofauti. Filta ya kwenye tangi ni safi. Plagi ya zamani ilikuwa nyeusi tii na ina unyevu wa oili, hii mpya ina wiki mbili tu nayo imeshaanza kuwa hivyo hivyo. Oili natia mililita 40 kwa lita moja, ni oili yenyewe ya tustroki. Kitabu kinasema 50 kwa 1 ila niliona nikizidisha kidogo injini itadumu.

mama_majani
Hapo kwenye oili ndo umejiroga mwenyewe kaka yangu 😅 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa lita, wewe unatia mara mbili. Oili iliyozidi haibaki kulinda chochote, inaungua nusu nusu inakuwa masizi, na masizi yanaelekea kwenye sailensa.

Mi kazi yangu ndo hii ya majani na nakuambia fungua sailensa. Ngoja ipoe kabisa, toa ile ganda la nje, utaona skrubu, na kwenye mdomo wa kutolea moshi kuna wavu mdogo wa chuma kama kichujio cha chai. Huo ukiziba moshi hautoki wote, unabaki ndani ya silinda, petroli mpya inakosa pa kuingia. Resi ikiwa ndogo moshi ni kidogo unapenya penya ndo maana inanguruma kawaida, ukibana resi inakabwa koo. Na hizo dakika kumi unazosema inakata safi hebu kumbuka ilivyokuwa mpya, nina wasiwasi umeshazoea ugonjwa.

Wavu ushike kwa koleo uuchome kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu, ufanyie nje mbali na petroli, ukipoa sugua kwa brashi ya waya, masizi yanapukutika yenyewe. Wakati sailensa iko nje chungulia lile tundu la silinda. Vuta kamba kidogo kidogo mpaka pistoni izibe tundu, ndo ukwangue masizi kwa kijiti, nasema KIJITI sio bisibisi, bisibisi itachora pistoni. Angalia na ubavu wa pistoni, ukiwa laini una bahati, ukiwa na mistari ya mikwaruzo uje tuongee mengine. Na usije ukatupa wavu ukasema sasa inapumua vizuri, wapo wanaofanya hivyo. Ule unazuia cheche, na wewe umesimama katikati ya majani makavu.

bustani_nyuma
Dada yangu nikupe nini! Nimeutoa wavu nikauinua juani, sikuona mwanga hata chembe, matundu yote yamejaa kitu cheusi kigumu kama lami. Nimeuchoma, nimeusugua, tundu la silinda nalo lilikuwa limejizungushia kama ukoko, nimekwangua kwa kijiti cha mwanzi. Pistoni laini. Nimechanganya mafuta mapya mililita 20, nimewasha, wakuu ile sauti nilikuwa nimeisahau kabisa, ulisema kweli nilikuwa nimezoea ugonjwa.

Ila sijamaliza. Nimekata robo saa hivi, nguvu ni nyingi lakini ikipata moto visu bado vinapungua kasi kidogo, sio kama mwanzo lakini nasikia. Nikagusa chuma cha visu kilikuwa cha moto kweli, nusura niungue.

mzee_wa_spana
Marahaba. Uliwahi kukaza zile boliti za kwenye visu?

bustani_nyuma
Ndio mzee, mwezi uliopita, vilikuwa vinacheza cheza nikakaza zote mpaka mwisho.

mzee_wa_spana
Basi ndio hivyo, ulikuwa na magonjwa mawili. Visu vile vinasuguana, kimoja juu ya kingine, ukivibana sana vinapata moto, vikipata moto vinatanuka, vinabanana zaidi, na injini inabeba huo mzigo wote kabla hata haijagusa jani. Ndio maana ilikuwa inapona ikipoa. Sasa toa waya wa plagi kwanza, kuna watu wamepoteza vidole hapa. Legeza nati, kaza boliti mpaka iguse, halafu irudishe nyuma robo mzunguko, ishike kwa bisibisi isizunguke huku unakaza nati. Fanya hivyo kwa kila boliti. Kabla ya hapo ondoa utomvu kwenye visu, ukikauka unakuwa gundi, kisha pitisha oili nyembamba kila ukianza kazi na ukimaliza. Giaboksi ina kichuchu cha grisi pale chini, kama hujawahi kukigusa miaka minne leo ndio siku yake.

bustani_nyuma
Imekubali. Nimemaliza upande mzima wa ua bila kusimama, visu vina uvuguvugu tu. Kichuchu cha grisi hata kukiona ilibidi nifute uchafu kwanza, aibu.

resi_kamili
Hapa nimekaa nawaza zile kabureta zangu mbili. Sailensa sijawahi kuifungua hata siku moja. Mama majani, huo wavu kila mashine inao au?

mama_majani
Nyingi zinao, chache hazina. Ifungue ndo utajua, ila kijiti 😄